Mtume Andrea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Novemba ikielekea ukingoni, sikukuu ya Mtakatifu Andrea ikishatangazwa kanisani, maswali huwa ni yale yale. Nimeyakusanya hapa na majibu yake. Mistari ya Biblia nimeitaja ili ufungue mwenyewe. Pale ambapo habari inatoka kwenye mapokeo na si kwenye Maandiko, nimesema hivyo waziwazi, maana mahubiri mengi huchanganya vyote viwili kwenye sufuria moja.

## Mambo ya msingi

Andrea ni nani hasa?

Ni mmoja wa mitume kumi na wawili wa Yesu: mvuvi wa Ziwa la Galilaya, mwenyeji wa Bethsaida, ndugu yake Simoni Petro. Kabla ya kumfuata Yesu alikuwa mwanafunzi wa Yohana Mbatizaji (Yn 1:35–40).

Hilo la mwisho watu hulisahau. Maana yake Andrea hakuwa mvuvi aliyeshtukizwa na dini siku moja akiwa kazini. Alikuwa tayari ameteremka mpaka Yordani, akakaa miguuni pa nabii, akawa anamngoja Masihi. Yohana aliponyoosha kidole na kusema kwamba Mwana-Kondoo ndiye huyo anayepita, Andrea alimwacha mwalimu wake na kumfuata mwingine. Si kila mwanafunzi ana moyo wa kufanya hivyo, wala si kila mwalimu angemruhusu.

Jina lake lina maana gani?

Ni jina la Kigiriki linalotokana na neno la uanaume, kwa maana ya ushujaa. Kwamba Myahudi wa Galilaya alipewa jina la Kigiriki si ajabu: Bethsaida ilikuwa jirani na maeneo ya watu wa mataifa, na Filipo, wa mji huohuo, naye ana jina la Kigiriki. Jambo hili litakuwa na uzito huko mbele, kwenye swali la Wagiriki.

Ametajwa mara ngapi katika Biblia?

Mara 13 kwenye matini ya Kigiriki, katika mistari 12. Katika hizo, mara sita anatambulishwa kama ndugu yake Petro. Hata Injili ya Yohana, inayompa nafasi kubwa kuliko nyingine, inapomtaja kwa mara ya kwanza inamwita nduguye Simoni Petro, ilhali katika masimulizi yenyewe Simoni bado hajatokea.

Lakini tazama Yn 1:44. Hapo Bethsaida inaitwa mji wa Andrea na Petro, Andrea akiwa mbele. Na Papia, askofu wa Hierapoli mwanzoni mwa karne ya 2, alipoeleza jinsi alivyokuwa akiwauliza wazee mitume walisema nini, alianza na Andrea, ndipo akamtaja Petro. Inaelekea palikuwa na watu ambao kwao Andrea hakuwa kivuli cha mtu.

Ni kaka yake Petro au mdogo wake?

Maandiko hayasemi. Neno la Kigiriki halitofautishi mkubwa na mdogo, na watafsiri wetu walifanya vema kutumia "ndugu", neno ambalo nalo halikulazimishi kuchagua. Anayekuambia kwa uhakika kwamba Andrea alikuwa mdogo wake Petro anakisia tu, pengine kwa sababu amezoea kumwona nyuma.

Alikuwa na mke?

Petro alikuwa na mkwe, kwa hiyo alioa. Habari za Andrea hazikuandikwa. Tunajua tu kwamba ndugu hao wawili walikuwa na nyumba moja Kapernaumu (Mk 1:29), ambako yule mama mkwe aliponywa homa.

## Ziwani na kuitwa

Alikuwa akivua samaki gani, na kwa zana gani?

Watu wa Mwanza na Kisumu huuliza hili kuliko wote, na ndio watakaolifurahia jibu. Samaki maarufu wa ziwa lile, anayeuzwa kwa watalii mpaka leo kwa jina la samaki wa Petro, ni wa ukoo mmoja na sato, perege na ngege wetu. Walikuwapo pia samaki wadogo, wa kukaushwa au kutiwa chumvi, wa kuliwa na mkate.

Marko anaposema Simoni na Andrea walikuwa wakitupa wavu, neno alilotumia ni la wavu wa mviringo unaorushwa kwa mkono, ule ambao pwani huitwa kimia. Ni kazi ya maji mafupi, karibu na ufuo, na ndiyo maana Yesu akipita kando ya ziwa aliweza kusemezana nao bila kupiga kelele. Wana wa Zebedayo, yaani Yakobo na Yohana, walikuwa mbele kidogo, katika mashua yao pamoja na vibarua. Ukisoma Mk 1:16–20 polepole utaona kazi mbili za uvuvi zenye mitaji miwili tofauti, ingawa Lk 5 inaonyesha kwamba Simoni naye alikuwa na chombo na kwamba walishirikiana.

Biblia hupaita "bahari", lakini ni ziwa la kadiri ya kilomita 21 kwa 13, lililo zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari. Mbele ya Ziwa Viktoria ni kidimbwi. Mwaka 1986, ukame ulipopunguza maji, ndugu wawili wavuvi wa huko Ginosar waliona mbao zimechomoza topeni. Ikawa ni mashua ya enzi zile za Yesu, urefu zaidi ya mita 8 na upana kama mita 2.3. Hakuna ushahidi kwamba mtume yeyote aliipanda, lakini inakupa picha ya chombo walichotumia. Nami napenda kwamba waliogundua walikuwa mtu na nduguye.

Aliitwa wapi: Yordani au ziwani?

Yohana anaonyesha Andrea akikutana na Yesu huko alikokuwa Mbatizaji. Marko na Mathayo wanaonyesha akiitwa ziwani, akiziacha nyavu palepale. Jibu la kawaida ni kwamba yalikuwa matukio mawili: kwanza kufahamiana, kisha wito wa kuacha kazi. Wapo wasomi wanaosema ni mapokeo mawili ya jambo moja. Mimi naona jibu la kwanza linaeleza vizuri kwa nini wale wavuvi waliinuka mara moja bila swali: mtu huyo walikuwa wameshakaa naye.

"Saa kumi" katika Yn 1:39 ni saa ngapi?

Ni saa kumi hiyohiyo unayoijua wewe, saa kumi jioni. Wayahudi walihesabu saa za mchana kuanzia jua kuchomoza kama tunavyohesabu sisi. Wasomaji wa lugha nyingine hulazimika kupiga hesabu hapa. Mswahili anaangalia tu jua. Jioni ilikuwa inaingia, na wale wawili, Andrea na mwenzake asiyetajwa jina, walibaki kwa Yesu siku hiyo. Mapokeo husema yule mwenzake ni Yohana mwana wa Zebedayo.

Kwa nini anaitwa "Mwitwa wa Kwanza"?

Ni jina la heshima analopewa na makanisa ya Kigiriki kwa sababu ya masimulizi hayo ya Yohana sura ya 1. Kwa haki, yule mwenzake alitangulia pamoja naye hatua kwa hatua. Lakini kitendo cha kwanza kinachosimuliwa baadaye ni cha Andrea, nacho ndicho kiini cha swali linalofuata.

## Tabia na utumishi wake

Kwa nini husemwa kwamba kazi ya Andrea ilikuwa kuwaleta watu kwa Yesu?

Kwa sababu Injili ya Yohana inamwonyesha mara tatu, na mara zote tatu yuko katikati ya mtu fulani na Yesu.

Mara ya kwanza ni asubuhi ya kanisa, tuseme hivyo. Andrea anamtafuta nduguye, anamwambia wamemwona Masihi, kisha anampeleka. Maneno yake yote ni sentensi moja. Hamfundishi Simoni, habishani naye. Na Yesu anapomtazama Simoni, anampa jina jipya, Kefa, yaani mwamba. Andrea amesimama pembeni. Yeye aliyefika kwanza hakupewa jina jipya siku hiyo, wala siku nyingine.

Mara ya pili ni ya mikate na ya tatu ni ya Wagiriki. Zote mbili zina maswali yake hapa chini.

Ni kweli kwamba Andrea ndiye aliyemleta mtoto mwenye mikate mitano?

Si hasa. Karibu kila mwalimu wa shule ya Jumapili huchora Andrea amemshika mtoto mkono. Yn 6:8–9 inasema tu kwamba Andrea alimwambia Yesu yupo hapa mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Hatuambiwi alimjuaje.

Ninachokiona hapo ni kwamba alikuwa ameangalia. Filipo alipoulizwa watanunua wapi chakula, alipiga hesabu: hata mikate ya dinari 200, mshahara wa kibarua kwa siku 200, isingetosha. Hesabu ilikuwa sahihi. Andrea alikuwa amepita kati ya watu, akajua ni nani ana nini, hata kilichomo kwenye mkoba wa mtoto. Shayiri ulikuwa mkate wa wanyonge, na neno la Kigiriki la wale samaki ni karibu kabisa na "kitoweo" chetu: kidogo cha kusindikizia mkate, dagaa wawili kwa mfano wetu.

Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Alipomaliza kusema hivyo aliongeza kwamba vitu hivyo si kitu kwa umati ule. Hakujua kitakachotokea. Alisema alichokiona, akatia na shaka yake, basi.

Kisa cha Wagiriki kinamhusuje?

Katika Yn 12:20–22 Wagiriki waliokuja kuabudu wakati wa sikukuu wanamwendea Filipo, wakitaka kumwona Yesu. Filipo haendi moja kwa moja. Anakwenda kwa Andrea, kisha wote wawili wanamwambia Yesu.

Kwamba Wagiriki walichagua mtu mwenye jina la Kigiriki kutoka mji wa mpakani inaeleweka. Mgeni hutafuta wa kumsikiliza. Kinachonishangaza ni Filipo. Hakumtafuta Petro, aliyekuwa msemaji wa kundi. Alimtafuta Andrea. Kila ofisi, kila kigango, kila ukoo una mtu wa namna hiyo. Hana cheo kikubwa, lakini jambo likiwa gumu kidogo watu husema, hebu kwanza tumwone fulani.

Andiko halituambii kama wale Wagiriki walimwona Yesu au la. Yesu alijibu kwa habari ya chembe ya ngano inayoanguka ardhini, na Wagiriki hawatajwi tena.

Je, alimwonea wivu Petro, au wana wa Zebedayo?

Sababu ya wivu ilikuwepo. Wavuvi wanne waliitwa siku moja. Watatu, Petro, Yakobo na Yohana, waliingia chumbani kwa binti Yairo, walipanda mlimani Yesu alipogeuka sura, na walichukuliwa kando Gethsemane. Aliyeachwa nje ni mmoja tu, naye ndiye aliyemleta Petro. Katika Marko mara moja tu wanne wote wako pamoja faraghani na Yesu, juu ya Mlima wa Mizeituni, wakiuliza habari za kubomolewa Hekalu (Mk 13:3).

Wana wa Zebedayo waliomba viti vya kulia na kushoto, na wale kumi wakakasirika (Mk 10:35–41). Andrea alikuwa mmoja wa hao kumi, kwa hiyo tusimfanye malaika. Lakini hakuna mahali anapodai chake, wala anapokumbusha nani alitangulia.

Basi alikuwa mpole na mnyenyekevu?

Inaelekea, ila tuwe waangalifu. Biblia haimwiti mnyenyekevu popote. Sehemu kubwa ya sifa hiyo tumeijenga juu ya ukimya, na ukimya wa kitabu si lazima uwe ukimya wa mtu. Huenda Andrea alikuwa mzungumzaji mkubwa ambaye maneno yake hayakuandikwa. Mimi nategemea zaidi yale yaliyoandikwa: alitafuta, aliona, alipeleka habari, na watu walimwendea.

Kuna kipande cha maandishi ya zamani kiitwacho Muratori, ambacho wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 2. Kinasimulia kwamba Yohana aliposihiwa na wenzake aandike, wakafunga siku tatu, usiku Andrea akafunuliwa kwamba Yohana aandike yote kwa jina lake mwenyewe na wengine wayapitie. Siwezi kukuapia kwamba ilitokea. Lakini angalia jinsi alivyokumbukwa: ufunuo ulimjia Andrea, na kitabu kikapewa jina la Yohana.

## Baada ya Injili

Mbona Matendo ya Mitume hayaelezi habari zake?

Yumo kwenye orodha ya waliokuwa ghorofani (Mdo 1:13), kisha jina lake halionekani tena. Hayuko peke yake. Wengi wa wale kumi na wawili hupotea hivyohivyo, kwa kuwa Luka anafuata safari za Petro na hasa Paulo. Usiichukue kama dalili kwamba Andrea alilegea.

Alihubiri wapi?

Kuanzia hapa ni mapokeo. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, anaandika kwamba Andrea alipangiwa Skithia, yaani nchi za kaskazini ya Bahari Nyeusi. Mapokeo mengine humtaja Ugiriki. Masimulizi ya kale ya Urusi humpandisha mpaka vilima vya Kiev asimike msalaba. Hilo la mwisho liliandikwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye, kwa hiyo lipime mwenyewe.

Alikufaje, na msalaba wa X ulitoka wapi?

Mapokeo yanasema aliuawa Patras, Ugiriki, wakati wa Kaisari Nero, na mwaka 60 ndio hutajwa sana. Masimulizi ya kale husema alifungwa msalabani kwa kamba badala ya misumari ili akawie kufa, naye akaendelea kuwafundisha watu akiwa juu yake. Umbo la X halimo katika masimulizi hayo ya kwanza. Lilienea katika Zama za Kati, na wachoraji wakalipenda.

Masalia yake yako wapi?

Yametembea kuliko yeye mwenyewe. Karne ya 4 yalihamishiwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo). Baada ya wanajeshi wa msalaba kuupora mji huo mwaka 1204, mengi yalipelekwa Amalfi, Italia, mwaka 1208. Kichwa kilichokuwa Patras kilipelekwa Roma mwaka 1462, kikakaa huko miaka mia tano. Mwaka 1964 Papa Paulo VI alikirudisha Patras kama ishara ya upatanisho na Waorthodoksi.

Hapo kuna jambo la undugu. Roma hujihesabu kiti cha Petro, na Konstantinopoli humheshimu Andrea kama mwasisi wake. Mpaka leo kila 30 Novemba ujumbe hutoka Roma kwenda huko, na 29 Juni, sikukuu ya Petro na Paulo, ujumbe hutoka huko kuja Roma.

Aliandika kitabu chochote?

Hakuna katika Biblia. Kipo kitabu cha kale kiitwacho Matendo ya Andrea, lakini hakikuandikwa naye na Kanisa halikukikubali.

## Sikukuu, nchi na majina

Sikukuu yake ni lini, na inahusianaje na Majilio?

Ni 30 Novemba. Majilio, majira ya kungoja Krismasi, huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe hiyo, kabla au baada yake. Kwa hiyo Andrea ndiye anayesimama mlangoni mwa mwaka mpya wa Kanisa.

Kwa nini Waskoti wanamshangilia sana?

Ni msimamizi wa Uskoti, kama alivyo wa Urusi na Ugiriki, na X nyeupe juu ya buluu kwenye bendera ya Uskoti ni msalaba wake (umbo hilo nimelieleza kwenye swali la kifo chake). Mwaka 1320 wakuu wa Uskoti walimwandikia Papa barua ya kutetea uhuru wao, wakamtaja Andrea kuwa mpole sana, ndugu yake Petro. Hata kwa taifa analolisimamia, bado anatambulishwa kwa nduguye! Kanisa la Presbiteri la Mtakatifu Andrea jijini Nairobi limeanzia kwa Waskoti hao. Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Kiungani, Unguja, kilichosomesha vijana waliokombolewa utumwani, kilikuwa cha Waanglikana. Baadaye jina hilo lilihamia Minaki, Kisarawe.

Andrea Kaggwa ni mtu huyuhuyu?

Hapana. Kaggwa ni mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliyechukua jina la mtume alipobatizwa. Alizaliwa Bunyoro, akachukuliwa mateka akiwa mdogo, akaja kuwa mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Alikuwa katekista asiyechoka, na kilichomponza ni kufundisha mpaka watoto wa nyumbani kwa Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka. Aliuawa Munyonyo tarehe 26 Mei 1886. Inasimuliwa kwamba Katikiro alikataa kula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa. Kaggwa alitangazwa mtakatifu 18 Oktoba 1964 na Papa Paulo VI yuleyule, wiki chache baada ya kichwa cha mtume kurudi Patras.

Naitwa Andrea, ni mwanamume, na niko Ujerumani. Kila fomu wananiandika mwanamke. Nifanyeje?

Huko Andrea ni jina la kike. Mwanamume ni Andreas. Kwa Kiswahili na Kiitaliano ni la kiume. Huna kosa wewe wala karani. Weka alama kwenye kisanduku cha jinsia kabla hawajakuwekea wao, na pasipoti iwe mkononi.